Jina Lisilo na Mwenyewe

Kuna uchovu unaokwisha ukilala, na kuna ule unaoamka nao. Ivyne alikuwa na huu wa pili tangu mwaka uanze. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kompyuta wa kampuni nzima, kampuni ya kuuza pampu na mabomba ya maji, na hilo neno "nzima" lisikudanganye: ofisi moja katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na ghala moja Riruta. Lakini fundi alikuwa yeye peke yake, na kila kilichoganda, kilichozima au kilichopiga mluzi kilikuwa chake.

Jioni moja ya Julai 2006, baridi imeshuka na watu wamejikunyata, alikuwa ameshavaa koti aende zake Mountain View akalale. Ndegwa, mkubwa wa ofisi, akatoa kichwa mlangoni.

"Ivyne, si upitie Riruta kidogo? Selpher anasema ile terminal yake inamsumbua. Na ni njia yako."

Haikuwa njia yake. Ndegwa alijua si njia yake. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na zile terminali ni Ivyne mwenyewe aliyezileta.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa na seva ya zamani ya Unix, ya kutunza hesabu ya mali, iliyokaa chumba cha nyuma huko mjini ikinguruma. Miaka yote ghala la Riruta liliongea nayo kwa laini ya simu, kupitia mashine ya skrini ya kijani isiyo na akili yake yenyewe, ya kuandikia na kusomea tu. Mashine hiyo ilipokufa mwezi wa Mei, Ivyne alileta kompyuta ya Linux akaweka ndani yake terminali, yaani dirisha linalojifanya ile mashine ya zamani ili seva isijue tofauti. Na kwa kuwa makarani hawawezi kuona alama ya kufunga dirisha wakaiacha salama, akalipachika lile dirisha ndani ya uso wa kompyuta yenyewe. Halina kitufe cha kufunga. Halisogei. Liko wazi mchana na usiku.

Kisha akaongeza kitu kimoja, kidogo tu. Seva ilikuwa na desturi ya kuita. Hutuma alama moja isiyoonekana, ya kuuliza, "Wewe nani?" Na terminali hujibu papo hapo, yenyewe, bila mtu kugusa chochote, kwa maneno yaliyoandikwa kwenye faili ya mipangilio. Ile mashine ya zamani haikuwa imeandikiwa jibu lolote. Iliitwa ikanyamaza, na seva haikujali. Ivyne alipoona nafasi ya jibu iko tupu, akaijaza, maana fundi hapendi nafasi tupu. Akaandika jina la karani anayekaa pale, lote kama lilivyo kwenye kitambulisho: Selpher Nekesa Simiyu. Akajisifu kidogo, akaenda nyumbani.

Alipofika ghalani mwanga ulikuwa umeanza kufifia. Kisilu, mlinzi, alimfungulia lango kabla hajabisha.

"Afadhali umekuja, madam," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sitaki maneno mingi. Lakini huyu mtoto wa watu atapotelea huko bondeni, kwa maji nyuma ya ghala."

"Nani?"

Kisilu alielekeza kidevu ndani.

Selpher alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, sweta juu ya sweta, tumbo la miezi saba limemtangulia. Ivyne alimpenda Selpher. Ndiye mtu pekee katika kampuni ile aliyewahi kumuuliza, "Na wewe umekula?" Lakini msichana aliyemwona sasa alikuwa amekonda usoni, midomo imepauka. Viatu vyake vilikuwa na tope mpaka vifundoni.

Sakafu ya ghala ilikuwa ya saruji. Mvua haikuwa imenyesha wiki hiyo.

"Sasa, Selpher."

"Poa." Hakuwa poa hata kidogo. "Ivyne, hii kitu inaandika jina yangu. Kila jioni, giza ikianza kuingia. Inalia *ti*, halafu jina yangu inatokea. Halafu sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui chenye hufuata. Nashtukia tu niko nje."

Kisilu, aliyekuwa amesimama kando ya rafu za mabomba, alikohoa. "Siku ya kwanza nilimpata kwa mlango ya nyuma. Siku ingine, kwa fensi. Jana nimemtoa kwa maji kabisa, ameingia mpaka hapa." Akajigusa kifundo cha mguu. "Macho iko wazi, lakini hakuoni. Kila siku anaenda mbele kidogo."

"Umemwambia Ndegwa?"

"Nilimwambia," Selpher alisema. "Ati ni mimba. Ati nikunywe chai ya tangawizi."

Ivyne alivuta kiti akaketi. Moyo wake ulitaka kuogopa, lakini ulikuwa umechoka, ukaahirisha. Akawaza kifundi. Seva inaita, terminali inajibu, jina linarudi na kuonekana kwenye skrini. Hilo si ajabu. Binti ana mimba, hali vizuri, anazimia na kutembea usingizini. Na hilo pia linatokea. Yatenganishe haya mawili, mambo yataisha. Akainama chini ya meza, akachomoa waya wa simu kutoka kwenye modemu.

"Sasa hakuna wa kuiita," alisema. "Hata seva ipige kelele kutoka leo hadi Krismasi. Tukae tuone."

Wakakaa.

Nje, mwanga ulikuwa wa kijivu, kisha ukaanza kukosa rangi. Watoto waliokuwa wakicheza upande wa pili wa ukuta waliitwa na mama zao, mmoja mmoja, wakaenda. Kisilu alivua kofia bila sababu. Ivyne alitazama ule waya uliolala sakafuni na kujiambia atalala saa mbili kamili, hata bila kula.

Kwanza ilikuja harufu.

Udongo mbichi... udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Baridi ikapita miguuni mwao kutokea upande wa nyuma, upande wa bonde.

*Ti.*

Terminali iliwaka kidogo. Kisha, herufi baada ya herufi, bila mkono wa mtu, bila waya, bila seva...

Selpher Nekesa Simiyu.

Selpher alikuwa ameacha kupepesa macho. Shingo yake iligeuka polepole kuelekea mlango wa nyuma, kisha mwili ukaifuata. Alisimama. Ivyne alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri.

"Selpher. Keti."

Hakuketi. Alipiga hatua, akamburuta Ivyne nayo, yeye msichana mwenye tumbo la miezi saba na miguu ya kijiti.

"Kisilu! Mshike!"

Kisilu alimkumbatia kwa nyuma, chini ya kifua, kwa uangalifu wa mtu mwenye mabinti. Ivyne naye alifanya ambacho ungefanya wewe, na mimi pia. Aling'oa plagi ya kompyuta ukutani. Skrini ikafa.

Kimya.

Hata pumzi ya Selpher ilisimama. Ivyne alidhani amemaliza kazi. Alikuwa hata ameanza kusema, "Basi, imekwisha..."

Selpher akafungua kinywa.

"Selpher," alisema, kwa sauti kavu isiyo yake, akilitazama lile giza la mlangoni. "Selpher Nekesa Simiyu."

Ivyne hakuwa amesikia mtu akiuliza.

"Limeita tena," Kisilu alinong'ona. "Mashine imenyamaza, sasa anajijibia."

"Ni nini hiyo inaita?"

"Mimi sijui, madam. Walipojenga hapa, wakichimba msingi, walipata kitu wakafukia haraka. Sikuwepo. Ni Mzee Hezekiah aliniambia, yule karani wa zamani. Alikuwa anasema jioni kuna kitu huuliza watu majina. Yeye alikuwa ananyamaza. Na mashine yake ilikuwa bubu." Alikuwa akitweta, Selpher alikuwa anamvuta, viatu vikikwaruza saruji. "Ni nyinyi mmeifundisha kuitika."

Maneno yale yalimchoma Ivyne kuliko baridi. Yeye ndiye aliyelitoa lile jina, majina yote matatu, akaliweka mlangoni na kuondoka. Alitaka kulia, lakini hata kulia kunahitaji nguvu.

"Kama ilianza kwa mashine, itarudi kwa mashine," alisema, na hakujua kama anaamini. "Mshikilie."

Akairudisha plagi, akabonyeza kitufe.

Ukitaka kujua urefu wa dakika, washa kompyuta kuukuu huku mtu anakokotwa nyuma yako. Mistari myeupe ilipanda kwenye skrini polepole, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukijisifu umefaulu. Nyuma yake alisikia miguu. Alisikia Kisilu akiomba Mungu kwa Kikamba. Alisikia kitasa cha mlango wa nyuma.

"Madam... ni kama nguvu inaniisha."

"Ngoja."

"Amefungua mlango."

"Ngoja, Kisilu, tafadhali!"

Akaingia. Akafungua faili ya mipangilio. Mstari wa jibu ulikuwa pale pale alipouacha, na jina la Selpher likimtazama. Akalifuta. Na sasa? Aiache tupu? Tupu haisaidii tena. Tupu ingemwachia Selpher ajijibie. Lile jambo lilikuwa limezoea kujibiwa, na lingeuliza mpaka lijibiwe. Linahitaji jina.

Alifikiria jina lake mwenyewe. Vidole vilikataa, na tusimlaumu. Alifikiria jina la Ndegwa, Mungu amsamehe, na akaandika herufi mbili nzima kabla ya kuzifuta. Hapo akili ya kifundi ikamletea njia. Ukitaka kujaribu mtambo hutumii jina la mtu wa kweli, unatunga. Jina lisilo la mtu, lisilo la kabila, lisilo na kaburi wala kitambulisho. Liite, liitwe, hakuna atakayeumia.

Vidole vyake vilivyochoka vikaandika: Tamureli.

Hakuwa amewahi kulisikia. Lilikuja tu. Akahifadhi faili, akaiwasha terminali upya, dirisha likajipachika mahali pake.

Kutoka nje, kutoka kwenye nyasi, sauti ya Kisilu: "Maji! Tuko kwa maji!"

*Ti.*

Tamureli.

Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha ile harufu ya udongo ikarudi nyuma, taratibu, kama mtu anayeondoka akifikiria alichoambiwa. Huko nje Selpher alianza kulia, kilio cha kawaida, cha msichana aliyejikuta gizani amelowa miguu. Ivyne alikuwa hajawahi kusikia sauti tamu kama ile. Walimrudisha ndani, wakamfunika koti la Ivyne, wakamchemshia chai. Mikono yake ikapata joto. Mtoto akapiga teke tumboni, na Selpher akacheka katikati ya machozi.

Kisilu alisimama mbele ya skrini, maji yakimdondoka kwenye suruali.

"Hili jina ni la nani?"

"Si la mtu. Nimelitunga."

Kisilu alilisoma tena, herufi baada ya herufi.

"Jina haikosi mwenyewe, madam," alisema. "Ikikosa, inatafutiwa."

Ivyne alimsikia. Lakini alikuwa amechoka, na mchovu husikia maneno kama anavyosikia redio ya jirani.

Baada ya siku ile mambo yalitulia. Kila jioni terminali ililia, ikajibu Tamureli bila kulionyesha kwenye skrini, na Selpher akaendelea kufunga hesabu zake akila njugu. Mafundi wana sheria moja kubwa: kitu kikikubali, usikiguse. Ivyne hakukigusa. Hakumweleza Ndegwa, maana angeambiwa habari ya tangawizi. Selpher alikwenda likizo ya uzazi mwishoni mwa Agosti, akaja karani mwingine, naye hakulalamika.

Mwezi wa Septemba Kisilu alimpigia simu.

"Ile kitu imenyamaza, madam. Tangu Alhamisi. Haiulizi tena."

"Si hiyo ni poa?"

"Labda," Kisilu alisema, na kukata.

Ivyne alifurahi, maskini. Alidhani limekata tamaa, kama wateja wanavyokata tamaa na simu ya ofisi. Alisikia pia kwamba Selpher amejifungua salama, mtoto wa kiume, na akaapa kwenda kumwona Jumapili. Jumapili akalala. Akaapa Jumapili ijayo. Wiki zikaingia katika wiki, na ilikuwa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimepumzika kidogo, alipobisha hatimaye mlangoni kwa Selpher, Kangemi, na pakiti ya sukari na blanketi ndogo ya samawati.

Nyumba ilikuwa ya joto na ilinukia maziwa. Selpher alikuwa amenawiri, mashavu yamerudi. Mama yake, Mama Namalwa, aliyekuja kutoka Webuye kumsaidia na akakataa kurudi, alimpokea Ivyne kwa mikono yote miwili.

"Huyu ndiye Ivyne? Karibu, mwanangu. Selpher ameniambia ulimtoa kwa mdomo wa simba. Keti ukule."

Akala. Ndizi za kupika na mboga, na chai nzito. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alihisi mabega yake yakishuka. Mtoto alilala kifuani kwa Selpher akinyonya, mnene, mtulivu, macho meusi wazi. Nusura Ivyne asinzie pale pale kwenye kiti.

"Alinisumbua huyu," Selpher alisema, akimpapasa kichwa. "Akizaliwa tu, ile Alhamisi, akaanza kulia. Usiku na mchana. Hanyonyi, halali. Tulimwita Isaiah, jina la baba yangu. Ukitaja tu Isaiah, analia mpaka anakuwa bluu."

"Hiyo ni jina kukataa," Mama Namalwa alieleza kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kila siku. "Kwetu, mtoto akilia hivyo, kuna mtu wa zamani anataka kukumbukwa. Unangoja. Atakuja mwenyewe kwa ndoto aseme."

"Na akakuja?" Ivyne aliuliza, kwa adabu tu.

"Alikuja. Mrefu, mwembamba, miguu yake iko na maji. Mimi simjui. Nimeuliza wazee wote nyumbani, hakuna anamjua. Nikamuuliza, wewe ni nani? Hakujificha. Akasema jina lake limeitwa sana na hajapewa mwili. Asubuhi nikalitaja kwa sikio la mtoto..." Alipiga kofi moja. "Nyamaa! Akanyonya, akalala. Tangu siku hiyo hajalia hata kidogo."

Kikombe cha Ivyne kilikuwa kimesimama katikati ya meza na midomo yake.

"Jina gani?" aliuliza.

"La ajabu kidogo," Selpher alicheka. "Tamureli."

Chai ilimwagika mapajani, na hakuihisi. Selpher hakuiona skrini usiku ule. Alikuwa ndani ya maji, kisha chini ya koti. Na usiku ule ule, kabla hajarudi mezani pake, Ivyne alikuwa amelificha jibu lisionekane. Alibaki Kisilu. Lakini Kisilu hakumjua Mama Namalwa, na Kisilu si mtu wa kutania na kitu kama kile.

"Mbadilishieni," Ivyne alisema. "Mama, tafadhali. Mpeni jina lingine. Lolote."

Uso wa Mama Namalwa ulifungwa. "Jina la ndoto halikataliwi. Tukilitoa atarudi kulia, na safari hii hatamaliza wiki. Wewe hukumwona vile alikuwa."

"Ivyne, ni nini?" Selpher aliuliza. "Unalijua hilo jina?"

Ivyne alimtazama. Aliona mashavu yale, furaha ile. Alitafuta mahali pa kuanzia, kwamba yeye ndiye aliyempa jina hilo, kwamba alilitunga akiwa amechoka, kwamba jioni baada ya jioni mashine yake iliitika kwa niaba ya mtu asiyekuwepo mpaka akapatikana.

Nje jua lilikuwa limezama nyuma ya mabati. Mahali fulani mama aliita mtoto wake aingie ndani.

Mtoto aliacha kunyonya.

Aligeuza kichwa, shingo ngumu isiyo ya mtoto wa miezi miwili, akatazama dirishani. Hapakuwa na mtu. Alisikiliza. Kisha akafungua midomo yenye maziwa.

"Ee."

"Umeona?" Mama Namalwa alisahau hasira, akacheka kwa fahari. "Kila jioni, saa hii hii. Ana adabu huyu. Ukimwita mara moja tu, anaitika."

"Nani amemwita?" Ivyne alinong'ona.

Hakuna aliyemjibu, maana hakuna aliyekuwa ameita. Na mtoto alikuwa akivuta pumzi tena, kifua kidogo kikijaa, kama mtu aliyeulizwa swali la pili, lile la "Wewe nani?", na analo jibu.

Kabla hajajua anafanya nini, Ivyne alikuwa ameruka kutoka kitini na kiganja chake kimeziba kinywa cha mtoto.

"Ivyne! Unafanya nini? Ivyne!"

Selpher alimsukuma. Mama Namalwa alimvuta begani kwa nguvu za mwanamke wa shambani. Kiganja kikatoka. Mtoto hakulia. Alimtazama Ivyne bila kinyongo, kwa utulivu, kama anayemfahamu. Kisha akageukia dirisha, akamalizia kuitika.